Orodha yangu ya mashabiki wa timu ya Mei ilivyompoteza mjomba Guangzhou

Wakuu, nawasalimu wote, wakubwa shikamooni.

Mimi ni mmoja wa wale wa kusoma na kupita. Sijawahi kuanzisha uzi humu. Kuongea mbele za watu siwezi, hata darasani mwalimu akiniita nasimama halafu sauti haitoki. Ila kuandika naandika. Nina madaftari tangu darasa la sita.

Ninachosimulia ni kweli, sijaongeza chumvi. Majina nimebadilisha yote, na mkifika chini mtajua kwa nini safari hii nimekuwa makini.

Sasa hivi niko Morogoro, form five. Haya yalitokea mwaka jana, nilipomaliza form four nikapelekwa China kwa mjomba wangu, kaka yake mama, nikajifunze Kichina na biashara kidogo.

Tulikaa Xiaobei, ile sehemu ya Guangzhou yenye Waafrika wengi. Mjomba kazi yake ilikuwa kufunga mizigo na kuwatafsiria wafanyabiashara wa nyumbani waliokuja kununua nguo na viatu. Kule aliitwa Kago. Nami nitamwita hivyo hivyo, Mjomba Kago.

Alikuwa na mke Mchina, Aunti Lan, na binti yao Zuu wa miaka mitatu.

Tatizo lilikuwa hili. Viza ya mjomba ilikuwa imekwisha muda mrefu. Akikamatwa anarudishwa nyumbani na mlango unafungwa, maana yake Zuu atakua bila baba. Njia aliyoitegemea ilikuwa afunge ndoa ya serikali na Lan kwanza, halafu aende mwenyewe kujieleza akiwa na cheti mkononi. Lakini ili Lan aandikishe ndoa ilitakiwa kile kitabu cha kaya chenye majina ya watu wote wa kwao, na kitabu kilikuwa kwa baba yake, mji mwingine.

Mzee alikataa kukitoa. Alikuwa amemwona Zuu mara moja tu. Na mjomba, mzee hakutaka hata kumwona.

Kwa hiyo mjomba aliishi kwa tahadhari. Alijua njia za kupita na za kuacha. Na Xiaobei kuna desturi ambayo haijaandikwa popote: hatuulizani jina la kwenye pasi. Kila mtu ana jina la pale. Unaweza kula na mtu mwaka mzima, akiondoka ndiyo unajiuliza alikuwa anaitwa nani hasa.

Desturi hiyo niliambiwa siku ya kwanza. Nikaiandika kabisa kwenye daftari.

Sasa mpira.

Mdogo wake Lan, Mei, alikuwa anasoma chuo kidogo cha ualimu na anacheza timu yao ya basketball ya wanawake. Namba saba, mfupi, ndiye anayepanga mpira. Timu yenyewe ilikuwa na wachezaji tisa tu. Mmoja akiumia, kochi anaanza kutazama juu kama anayeomba mvua isinyeshe.

Mei ndiye pekee wa ukoo ule aliyekuwa anamwita mjomba shemeji. Ndiyo tukaanza kumfuata.

Gemu za mwanzo zilichezwa kwenye ukumbi wa chuo chao. Watazamaji hawafiki hamsini. Wazazi, mke wa kochi, na sisi. Sisi ni mjomba, Aunti Lan, Zuu, mimi, na wawili wengine.

Wa kwanza ni mama mmoja wa Moshi mnunuzi wa nguo, tulimwita Vitenge. Wa pili ni Papaa, kinyozi Mkongo wa ghorofa ya pili kwenye jengo letu. Yeye alikuwa na karatasi zote za kuishi kule, na alikuja na ndoo ya rangi kama ngoma.

Mimi nilikaa kimya na daftari. Naandika nani kafunga, nani kapoteza mpira, Vitenge katukana nini.

Na Vitenge alitukana kweli. Wakicheza na timu yenye mabinti warefu alisema, "Yule ana miguu kama ngazi ya fundi umeme. Sasa ngazi inakimbia?"

Siku ndoo ilipopasuka Papaa akaniinamia. "Mademoiselle, umeandika nini juu ya ndoo yangu?"

Nikamwonyesha: imepasuka robo ya tatu.

"Hapana. Andika ndoo imekufa vitani."

Mjomba pale alikuwa mtu mwingine. Aliniambia siku moja kwenye basi, "Gemu ikianza nasahau kutazama mlangoni."

Basi, chuo kile kidogo kikaanza kushinda. Hatujui kwa nini. Wakapita mashindano ya mkoa, wakaingia ya taifa, na mwaka ule ya taifa yakachezwa Guangzhou. Wakafika robo fainali. Chuo ambacho hata dereva teksi hakijui.

Halafu Lan akapokea simu. Baba yake anakuja na treni kumtazama Mei.

Usiku ule mjomba na Lan walinong'ona sana. Asubuhi mjomba akasema, "Nakwenda. Nitakaa karibu naye anione. Asiponiona hatatoa kitabu maisha."

Vitenge akamwambia, "Kago, ukumbi mkubwa ule, una mapolisi mlangoni."

"Wanaangalia tiketi, Mama."

Alivaa kofia. Akachagua viti karibu na mlango wa kutokea. Kila kamera ilipogeuka upande wetu alimnyanyua Zuu akajificha nyuma yake.

Mzee alikaa safu mbili chini yetu. Hakugeuka.

Timu ya Mei walikuwa nyuma pointi tisa. Robo ya tatu Zuu akashuka ngazi mwenyewe, hakuna aliyemtuma, akasimama mbele ya babu yake akaangalia mbegu za alizeti alizokuwa anatafuna. Mzee akampa moja. Halafu akampa nyingine. Mwisho akampakata.

Mjomba hakuangalia mpira tena mpaka robo ya nne.

Tulishinda kwa pointi moja. Mei aliiba mpira katikati ya uwanja, akaenda peke yake, na nilisikia sauti inapiga kelele kumbe ni yangu. Hiyo niliiandika kwa herufi kubwa.

Watu wakiwa bado wamesimama, mzee akageuka. Akatoa pakiti ya sigara, akampa mjomba moja. Kule mwanaume akikupa sigara kwa mkono wake amekukubali, au angalau ameanza. Mjomba havuti. Aliipokea kwa mikono miwili akaiweka juu ya sikio.

Mzee akasema, "Jumamosi, baada ya nusu fainali, tutakula wote."

Lan akaanza kulia. Mjomba akambeba Zuu kwenda naye chooni, nadhani na yeye alitaka kulia.

Wakuu, hapo ndipo nilipoharibu.

Mwandishi wa gazeti alikuja, dada kijana, na mpiga picha. Alivutiwa na ndoo. Papaa akapozi nayo, Vitenge akapozi. Yule dada akawauliza majina, Papaa akacheka akasema, "Andika Papaa, inatosha." Vitenge akasema Vitenge.

Akanijia mimi. Aliuliza kitu, nikainamisha kichwa. Akaona daftari. Akaonyesha kwa kidole, naweza kuangalia?

Kwenye ukurasa wa mwisho nilikuwa na orodha. Kichwa chake, Mashabiki wa Timu ya Mei. Nilikuwa nimeandika kila mtu jina lake kamili. La Vitenge nililiona kwenye risiti ya hoteli. La mjomba nalijua, ni ndugu yangu. Mbele ya kila jina niliandika anapokaa, jengo na ghorofa. Niliona ni sahihi iwe hivyo. Mimi napenda vitu viwe kamili.

Nilimfungulia ukurasa huo.

Na nitasema ukweli wote. Sikufanya kwa aibu peke yake. Nilitaka lile jina litoke. Nilifikiri mzee akifungua gazeti akaona jina la mjomba limeandikwa pamoja na la Mei, ataona ni familia. Kwa hiyo nilichukua kalamu, nikaongeza kwa Kichina changu kibovu mbele ya jina la mjomba: mume wa dada yake namba saba.

Yule dada alifurahi sana. Alinakili yote. Mjomba aliporudi na Zuu alishaondoka.

Gazeti lilitoka kesho yake. Picha ilikuwa ya Papaa na Vitenge na ndoo. Chini yake maelezo, majina yetu, na jengo letu.

Lan alisoma amesimama jikoni. Akasoma tena. Mjomba akachukua, na yeye akasoma.

"Nani ametoa hii?" aliuliza.

Nilikuwa nakata vitunguu. Nilikuwa umbali wa mkono.

"Papaa," alisema mwenyewe. "Si huyu hapa amepiga picha anachekelea? Mdomo wa kinyozi, anajua majina ya jengo zima."

Nikaendelea kukata.

Lan alitaka tuhame usiku huo huo. Mjomba akakataa. Akasema kesho ni Jumamosi, mzee amesema tutakula, akisikia nimekimbia itakuwaje? Tutahama baada ya gemu.

Polisi walikuja saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Wawili, hawakuwa na ukali wowote. Mmoja alikuwa na gazeti limekunjwa. Mjomba aliomba avae viatu, wakamruhusu. Zuu alidhani tunakwenda uwanjani, akamletea kofia. Mjomba akaivaa akatoka nayo.

Lan akaniambia, "Mimi namfuata. Wewe nenda na Zuu uwanjani, kaa na baba yangu. Mei asijue mpaka amalize."

Nikaenda. Vitenge hakuja, alishahama hoteli alfajiri kwa kuogopa lile gazeti. Papaa alikuja na ndoo mpya. Akauliza Kago yuko wapi, nikamwambia wamemchukua. Alikaa chini pole pole. Baadaye akaanza kupiga ndoo, kwa sababu Mei alikuwa anatutazama.

Alitutazama gemu nzima. Kila mpira ukitoka anahesabu viti vyetu. Walifungwa vibaya, sitaki kuandika pointi. Nilifunga daftari robo ya pili.

Filimbi ilipolia mzee akaniuliza, "Yuko wapi?"

Nikamwambia. Ndiyo sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kusema kwa Kichina.

Mzee alifungua mkoba wake, akatoa mfuko wa nailoni, ndani kuna kitabu cha kaya. Alikuwa amekuja nacho. Akakiangalia, akakirudisha, akaniuliza kituo cha polisi ni kipi, akaenda moja kwa moja hata Mei hajamsalimia.

Kituoni walimwambia amechelewa. Mtu akishakamatwa si sawa na mtu aliyekuja mwenyewe. Mjomba alikaa ndani wiki kadhaa akapandishwa ndege, na kurudi haruhusiwi kwa miaka. Zuu yuko kwa babu yake.

Mimi niliondoka kabla yake, pamoja na Vitenge. Njia nzima kwenye ndege alikuwa anamlaani Papaa. "Yule Mkongo katuuza kwa picha." Mimi naitikia mh. Mh. Saa zote zile, mh.

Na Vitenge alishawaambia watu Xiaobei yote. Kinyozi anasikia siri za kila mtu, watu wakikuogopa hawakai kwenye kiti chako. Lan alisema kwenye simu kwamba Papaa alikuwa anakaa mwenyewe kwenye kiti cha wateja anatazama televisheni. Mwezi uliopita alifunga saluni, haijulikani alikokwenda. Kabla ya kuondoka alituma salamu kwa mjomba kupitia Lan.

Mjomba akasema, "Afie huko huko."

Nimejifunza nini? Nimejifunza kwamba jina la mtu mwingine si langu kuliandika, hata kama nalijua, hata kama nampenda. Na kwamba mjomba alipokamatwa nilikuwa nimekosea, lakini Papaa alipofunga saluni nilikuwa najua ninachofanya. La pili ndilo linaninyima usingizi.

Mjomba anakaa kwetu sasa. Hafanyi kazi ya maana. Kila Jumapili tunakuja wote internet cafe kumwona Zuu kwenye kamera. Zuu ameanza kusahau Kiswahili. Mjomba anamwambia sema "baba", anacheka anakimbia.

Leo ni Jumapili. Mimi niko kompyuta namba tatu, yeye namba nne, ana headphone masikioni, anamwonyesha Zuu embe.

Nimejaribu kumwambia kwa mdomo mara nyingi, sauti haitoki. Ndiyo maana nimeandika hapa. Nikishatuma, nitasubiri amalize kuongea na mtoto, halafu nitamwomba ahamie kiti changu asome mwenyewe, kuanzia juu.

Wakuu, karibuni kwa maoni, hata ya kunisema. Kama kuna anayejua alipo kinyozi Mkongo aliyekuwa anapiga ndoo kwenye basketball ya wanawake Guangzhou, naomba aniPM. Na mtakaochangia sasa hivi, mjue na yeye anawasoma.