Vioo vya Bwana Mganga

Kinyaa cha kwanza kilikuwa vidole vyake. Ncha zilikuwa nyeusi, zimebabuka kwa dawa za picha, na kwa vidole hivyo hivyo alimega mkate, akachokonoa meno, akachora maua. Tulimwita Bwana Mganga. Alikuwa daktari wa jeshi la Wajerumani hapa Songea. Vita vya Maji Maji vilipokwisha alistaafu, akajenga nyumba juu ya kijito, akasema sasa atakuwa mtu wa kuchora na kupiga picha tu.

Mimi nilikuwa mfuaji wake wa nguo. Usiniulize mjane wa mtu aliyenyongwa alifuata nini kwenye nyumba ile. Askari walikuwa wamechoma maghala yetu mpaka mbegu, tukala mizizi, tukala ngozi. Mwenye njaa hana miiko. Nilifuata unga.

Na nilifuata jambo jingine ambalo sikumwambia mtu. Kabla ya kunyongwa, wanaume wetu walikalishwa mmoja mmoja mbele ya boma, na daktari huyu akawapiga picha. Nilisimama mbali na wanawake wenzangu, nikaona zamu ya mume wangu. Daktari alimshika kidevu, akakigeuza kushoto, akakigeuza kulia, kama mtu anayenunua mbuzi. Kisha akatoa leso, akafuta vidole. Mume wangu wakamtupa shimoni pamoja na wenzake, sikumwosha, sikumfunika. Hakuacha mtoto. Siku hizo picha ilishikwa kwanza kwenye kipande cha kioo, ndipo ikatolewa kwenye karatasi. Karatasi zote daktari alikwisha kuzipeleka kwao Ulaya, lakini vioo vilibaki. Uso wa mume wangu ulikuwa humo ndani, na niliapa nitaupata.

Hiyo kazi yake ya kuchora ilinitia kichefuchefu. Mtu aliyesimama chini ya kamba na saa mkononi, akisema huyu tayari, huyu bado, sasa alikaa barazani asubuhi nzima akichora ua la porini, ulimi nje, akiguna kwa raha. Michoro ilipokuwa mingi alitaka kuitia kwenye fremu, na vioo havikupatikana. Vililetwa na wapagazi kutoka pwani, vingi vikafika vimepasuka. Ndipo akaniletea sanduku la vioo vyake vya zamani.

"Bibi, sugua yote," aliniambia. "Mimi nataka kioo safi. Picha hapana, nimechoka nazo."

Amechoka nazo! Nilikaa kijitoni na maji ya moto na majivu, nikimtafuta mume wangu. Niliinua kioo cha kwanza kwenye jua. Mtu mweupe pee, nywele nyeupe kama za mzee, kifua wazi. Cha pili, mweupe. Cha tatu, mweupe. Nikasema, kumbe Wazungu hawa hawana haya, hujipiga picha bila shati. Nikamwaga maji ya moto. Picha ikalainika, ikawa ute kama mlenda, ikanishika vidoleni, nami nikasugua kwa nguvu zangu zote. Niliona raha, sitaficha. Kila uso mweupe uliobanduka niliuambia, nenda, nawe nenda.

Vitano tu vilikuwa na watu weusi, wamevaa nguo nyeusi kama kaniki ya msiba. Nyuso zilikuwa ndogo kama ukucha, lakini mmoja alikaa mabega yamenyooka, namna ya mume wangu. Nilivificha vyote vitano kwenye nguo chafu, nikaenda navyo nyumbani.

Daktari alifurahi. Kioo kimoja kati ya vile nilivyosugua alikitia fremu, nyuma yake ua jekundu, akanipa zawadi. Nilipokea kwa mikono miwili. Nilipofika njiani nikatema mate.

Miaka mitatu nilimwamkia mume wangu kila asubuhi. Nilimweleza habari za mvua, za mahindi, nani mgonjwa, nani kaolewa. Nilikuwa namweka shavuni, kioo kikiwa baridi, mpaka kipate joto langu.

Kisha nikasikia kwamba padri mmoja wa misheni anajua kutoa picha kwenye karatasi. Nilitembea siku nzima. Padri akajifungia chumbani na vioo vyangu, akatoka ameshika karatasi zinazochuruzika maji. Nikaona masharubu. Nikaona nguo nyeupe za maofisa. Na yule wa mabega yaliyonyooka alikuwa Bwana Mganga mwenyewe, amekaa kwenye kiti chake.

"Baba, umekosea," nilimwambia. "Wangu ni mweusi."

"Mama, kioo hugeuza," alisema. "Humo mweupe huonekana mweusi, na mweusi huonekana mweupe, mpaka picha itoke kwenye karatasi."

Nikamwuliza, na wale weupe, wenye vifua wazi? Padri akaniuliza vioo hivyo viko wapi.

Nilitapika pale pale mlangoni. Shavu langu nalisugua mpaka leo, na bado nalionea kinyaa. Nayaonea kinyaa na mikono yangu pia. Watu husema majuto ni mjukuu. Mimi sikuzaa, lakini mjukuu huyo ninaye.

Lile ua jekundu nililichana. Kioo chake nimekiegemeza ukutani. Huenda ndicho kilichokuwa na mume wangu, huenda sicho. Mara nyingi nimekiinua kwenye jua, nikatafuta hata kivuli cha kidevu. Hakuna kitu. Nilikisugua vizuri.