Pale Aproni Ilipofungwa

Siku yangu ya kwanza kwenye chumba cha MRI, petikoti ilitaka kuniaibisha. Lastiki ilikuwa imekatika asubuhi, nikaibana na pini ya nepi, nikatoka Kangemi kwa miguu na raha zangu. Sista Mkuu aliniuliza mlangoni kama nina chuma chochote mwilini. Nikasema sina, kwa maana nani huhesabu pini? Nilipoisogelea ile mashine nikahisi kitu kinanivuta kiunoni, kama mtoto anayetaka peremende. Sista akanishika mkono akanirudisha nyuma.

"Mama Shiro, hiyo ni sumaku," akasema. "Hailali. Hata stima ikipotea inavuta. Sasa enda choo utoe hiyo pini, na ukirudi, kazi yako ni kuwatolea wengine zao."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi iliyonilea mpaka uzeeni. Naishukuru ile lastiki.

Lakini nisiruke. Kabla ya sumaku nilikuwa Ngara, kwenye kliniki ndogo ya eksirei juu ya duka la jumla la sufuria. Shule niliiachia darasa la tatu, kwa hiyo walinipa ufagio kwanza, halafu kuosha filamu. Nyinyi vijana hamjui: picha ya mfupa ilitumbukizwa kwenye dawa ndani ya chumba cha giza, kisha ikaanikwa kama soksi. Mkuu wa Chumba cha Giza, mzee mwenye kikohozi, alipenda kuniambia, "Filamu ni kama ugali. Ukiiharakisha, utakula mbichi." Mke wake ndiye aliyejua ugali kweli, lakini hiyo tuiache. Kompyuta zilipokuja beseni zikatupwa, na mwenye kliniki akanihamishia kituo chake kipya upande wa Lavington.

Ngara wagonjwa walikuja na sukuma wiki mkononi. Huku walikuja na dereva. Lakini wakishavaa lile gauni letu la kufungwa nyuma, wote walikuwa sawa, kila mmoja amelishika makalioni lisifunguke.

Miaka hiyo ya elfu mbili na kitu, mashine za MRI zilikuwa chache Nairobi. Wengi waliletwa kwa sababu ya kichwa au mgongo. Kisha wakaanza kuja wanawake wa maumivu ya hedhi, na kwenye karatasi zao jina refu: endometriosis. Sista Mkuu alinieleza tukinywa chai. "Unajua ule utando wa ndani ya mji wa mimba, ule hutoka na damu kila mwezi? Sasa nyama inayofanana nao inaota nje, mahali si pake. Mwezi ukifika, nayo inawaka."

Kazi ya hao ilikuwa na utaratibu wake. Waje bila kula, na kibofu kisiwe kitupu wala kisijae. Sista aliwadunga sindano ya kutuliza matumbo, kwa sababu utumbo ukicheza picha inaharibika, kama picha ya mtoto asiyetulia. Mimi niliwatoa pini za nywele, hereni, shanga za kiuno, sidiria zenye waya. Kisha nilimlaza mtu chali, nikamziba masikio maana ile mashine inagonga kama mafundi wa mabati wa Kamukunji, nikampa mpira wa kufinya akishikwa na hofu. Mwisho nikamfunga aproni. Sisi ndio tulioiita hivyo. Ni kifaa kipana, kizito kidogo, kinachonasa ile picha. Kwa hawa tulikifunga chini ya kitovu, juu ya nyonga.

Sasa niwaambie habari ya Nyambura. Alikuwa akiuza vitambaa kwenye duka la jumla Ngara, akibeba marobota siku nzima, na kila mwezi alikuwa na siku ambazo hakuweza kuinuka kitandani. Daktari wake wa wanawake alitaka kumfanyia upasuaji wa matundu madogo, aangalie kwa kamera ndani ya tumbo. Baada ya hapo angehitaji kulala kwa mama yake, Limuru, auguzwe. Na mama hakutaka kusikia. Siku ya picha mama huyo alikuja naye, mwanamke mrefu, vidole vimekomaa kwa kuchuma chai, akaketi na kikapu miguuni.

Nilipomvua msichana hereni, akaninong'oneza, "Mami amesema mashine ikiona kitu, atanikubali. Isipoona, hii maneno imeisha, nirudi kazini na ninyamaze." Nikamwambia apumue polepole, nikamfunga aproni.

Picha zilipokwisha, mama akasimama. "Imeona?"

Nikamwambia ripoti huenda kwa daktari aliyemtuma. Ndiyo ilikuwa sheria.

"Mimi nimetoka Limuru asubuhi," akasema, bila kupaza sauti. "Si unifanyie ile mtu hufanyia mwenzake."

Nikaenda kugonga mlango wa Daktari wa Picha. Huyu alikuwa mtu wa kukaa gizani na skrini zake na chai ya rangi, na hakupenda kugongewa. Nikamweleza. Akatazama picha kwa muda, kisha akainuka, jambo ambalo nililiona mara chache sana, akamuuliza Nyambura kama anakubali mama asikie. Nyambura akaitikia kwa kichwa.

"Mama, kwa hizi picha sijaona kitu kibaya," akasema daktari.

Mama akamgeukia binti. "Si nilikwambia."

Nyambura alianza kufunga vifungo vya sweta, akivikosea.

"Ngoja, mama, sijamaliza," daktari akasema. "Sikusema hana ugonjwa. Nimesema mimi sijauona."

"Daktari, huyu ameingia huko ndani mwili mzima. Nimeona kwa dirisha. Kama kuna kitu, ingekosa aje?"

Nami kusema kweli nilimwelewa, kwa maana hata mimi mwanzoni nilidhani hivyo. Ukimwona mtu amemezwa mpaka kidevuni unadhani ametazamwa mpaka kidevuni.

"Aliingia mwili mzima, lakini tuliangalia pale aproni ilipofungwa," daktari akasema. "Nyonga. Mji wa mimba, vifuko vya mayai, kibofu, mwisho wa utumbo, na kano zilizo nyuma ya mji wa mimba. Kama angekuwa anaumwa bega kila hedhi, daktari wake angeandika, tupige picha na juu. Sasa, uvimbe wenye damu nzee kwenye vifuko vya mayai, huo mashine huona. Ikiwa utumbo umeganda na mji wa mimba, huona. Ikiwa ugonjwa umezama ndani ya nyama, mara nyingi huona. Lakini kuna ule wa juu juu, vidoadoa vyembamba kwenye utando wa tumbo. Mama, unachuma chai, sivyo? Ukisimama barabarani ukitazama shamba, unaona majani yenye madoa?"

"Siwezi. Mpaka niingie nishike jani."

"Basi daktari wake anataka kuingia ashike jani."

Mama akamsogelea binti. Akatazama vile vifungo vya sweta vilivyokosewa, akavifungua na kuvifunga upya, kimoja kimoja, kama anamvalisha mtoto wa nasari.

"Hata mimi niliumwa hivi," akasema, akiongea na sweta. "Nililala kwa mistari ya chai nikiuma leso. Mama yangu alikufa akiniita mvivu." Kisha akamwambia binti, "Twende. Utalala kwa kile chumba cha mbele, kina jua."

Nyambura alipasuliwa. Alinipigia simu mwenyewe: walikuta vidoa nyuma ya mji wa mimba, wakavitoa. Maumivu hayakuisha yote, asiwadanganye mtu, lakini alirudi kubeba marobota yake, na siku mbaya zilipokuja mama yake mwenyewe alimwambia alale.

Nilistaafu miaka ya elfu mbili ikielekea kwisha, magoti yakigoma. Siku ya kuagwa, Sista Mkuu alinipikia chai ya maziwa, Daktari wa Picha akatoka gizani tena. Nawashukuru hao wote, na aliyenihamisha kutoka Ngara, na hata mzee wa kikohozi. Mtu wa darasa la tatu nilifunzwa na watu wasionionea haya.

Mama Nyambura naye alikuwa amekuja, na viazi na peasi kwenye kile kikapu chake. Nilipotoka kumpokea nilimkuta kwenye benchi la wanaosubiri, ameshamshika mkono mama mmoja asiyemjua, aliyekuwa akilalamika kwamba msichana wake ameingia mashine yote na haijaona kitu.

"Hapana, mama," alikuwa akimwambia. "Hiyo inaangalia pale aproni imefungwa peke yake, na hapo pia haioni yote. Wewe usiulize mashine tu. Uliza msichana."