Shali Yenye Mpaka wa Makonge

Sufu ikiungua hunuka kama nywele za mtu. Harufu hiyo niliijua nikiwa darasa la tatu, asubuhi ambayo baba mdogo Mutinda alimnyang'anya mama yangu shali mbele ya wazee, akaitupa kwenye moto uliokuwa ukichemsha chai yao. Mama hakulia. Aliingiza mkono motoni akatoa kipande cha ukubwa wa kiganja, na wazee wakaendelea kupuliza vikombe. Nimeanzia hapo kwa sababu nimechoka kupafikia polepole.

Shali yenyewe tuliifuma msimu mmoja wa baridi, baba akiwa amezikwa juzi tu. Kwetu, chini ya vilima vya Iveti, mwezi wa saba ukungu unashuka mpaka mlangoni na vidole vinakufa ganzi. Sindano za dukani hatukuwa nazo. Mama alichomoa spoku mbili za baiskeli ya marehemu, akazinoa kwenye jiwe mpaka zikateleza. Uzi tulifumua kwenye sweta kuukuu za mitumba kutoka soko la Kyumbi. Kazi yangu ilikuwa kuulowesha ule uzi uliojikunja kama tambi, nikauzungushia magotini unyooke. Halafu mama alikaa mlangoni akafuma alichokiona: bluu ya kilima, kijivu cha mawe, wekundu wa udongo kwenye matuta aliyoyachimba na baba. Alifuma kwa nyuzi mbili, mmoja ukifanya kazi, mwingine ukipita nyuma. "Usiuvute sana huo wa nyuma," aliniambia, "shali itajikunja kama uso wa baba yako mdogo." Tulicheka. Tulikuwa bado tunacheka.

Pembeni mwa shali alitaka safu ya makonge, yale aliyopanda babu kugawa shamba letu na la Mutinda. Sehemu hiyo ilikuwa rahisi, akaniachia mimi. Niliifuma siku tatu, nikihesabu makonge yenyewe nje, moja baada ya moja, kumi na manne. Sikujua nahesabu mara ya mwisho. Tulienda kwa nyanya, mama yake mama, wiki moja. Tuliporudi tulikuta makonge hayapo, udongo umelainishwa na matuta ya Mutinda yamesogea mpaka karibu na kaburi la baba. Kwetu mtu hang'oi mpaka. Hata mwizi wa mbuzi anauogopa.

Naibu wa chifu alikuja na wazee. Mama hakuwa na hati, alikuwa na shali. Akaitandaza. "Tazameni, makonge ni haya, hapa ndipo yalipokuwa."

Mutinda akapiga makofi. "Wazee, siku hizi shamba linapimwa kwa sweta!" Wakacheka, na naibu wa chifu ndiye aliyecheka zaidi. Kisha Mutinda akanigeukia kwa upole. "Mwanangu, hii sehemu ya makonge nani aliifuma?"

Mimi nilidhani nasifiwa. "Ni mimi," nikasema.

"Mmesikia? Michezo ya mtoto," akasema Mutinda, na hapo ndipo shali ilipoingia motoni. Maskini haokoti, akiokota huambiwa ameiba.

Shule yangu iliishia mwaka huo. Tulihamia mjini Mlolongo, mama akagonga kokoto za kuuza mpaka kifua kikamshinda, akazikwa mbali na mumewe. Miaka mingi nimelibeba lile "ni mimi" kana kwamba ndilo lililong'oa makonge. Sasa nimeifuma shali tena, kwa sindano nzuri za dukani na uzi mpya. Imenyooka, ina joto, haina harufu ya mtu yeyote. Pembeni nimeshonea kile kipande cha mama. Kina makonge manne, la tano limeungua nusu.

Baba mdogo Mutinda, bado u hai, unakaa benchi la mbele kanisani na masikio unayo. Naibu wa chifu naye anakula pensheni. Mimi niliulizwa nikiwa na miaka tisa, nikajibu kweli mbele ya watu wote. Sasa nakuuliza wewe, mbele ya watu: makonge ya babu yangu, nani aliyang'oa?