Kidole Gumba cha Huib Warmerdam

Ukimuuliza Huib Warmerdam alikuwa akifanya kazi gani, atakwambia, "Mimi ni mnyongaji mstaafu." Akiona umeshtuka anafurahi, anakuonyesha kidole gumba chake cha kulia, kipana kama kijiko, na kuongeza, "Hiki kimekata vichwa vingi kuliko nywele zilizowahi kuota hapa." Hapo anavua kofia uone upara.

Wala hatii chumvi. Kwetu Hillegom, Uholanzi, mkulima wa tulipu haishi kwa ua, anaishi kwa kitunguu chake kilicho chini ya udongo, ndicho anachouza. Ua likiachwa kwenye shina linamaliza nguvu za kitunguu, kwa hiyo likishafunguka na kukaguliwa kama lina ugonjwa, linavunjwa shingo. Huib aliingia mashambani akiwa hajaota ndevu, akatoka na pensheni. Mashine zilipokuja, yeye alizifuata nyuma akimalizia yaliyoponyoka. Watalii walishika vichwa wakiona maua yametapakaa chini. Huib aliona kazi imekwisha, akaenda kunywa kahawa.

Mtu wa namna hiyo usimtegemee kuwa na bustani. Mbele ya nyumba yake palikuwa na vigae na baiskeli mbili. Mkewe, Riet, alivumilia ila hakunyamaza. Kila sherehe ya kuzaliwa, watu wamekaa duara na visahani vya keki mapajani, alisimulia tena siku Huib alipokuja kuposa: katoka shambani moja kwa moja, mikono ya kijani kwa utomvu, na ndani ya mikono hamna kitu.

"Mama akaniita jikoni," Riet husema. "Akaniuliza, 'Huyu anashinda maua kutwa, hakukumbuka kuchukua hata moja? Ni bahili au ni mjinga?' Nikamwambia, 'Mama, nipe muda nichunguze.' Basi mpaka leo nachunguza."

Huib alistaafu, na Riet hakumpa nafasi ya kukaa. "Sasa sikiliza, mzee. Nataka tulipu mlangoni. Nyekundu, za kawaida. Na ziachwe zichanue mpaka zichoke zenyewe."

"Zichoke zenyewe?" Huib alishtuka kweli. "Kitunguu kitakonda, mama!"

"Kikonde. Mbona mimi sijakonda?"

Ikabidi afanye. Oktoba akaenda kwenye ghala la tajiri wake wa zamani, akakalia kreti asubuhi nzima akichagua. Kila kitunguu alikibonyeza kwa gumba, akakipima uzito kiganjani, akakinusa. Kilicholegea, nje. Chenye harufu ya kuchacha, nje. Chenye doa ambalo yeye peke yake aliliona, nje. Vijana wa ghala wakamuuliza kama anatafuta vitunguu au mchumba.

Jirani yake, Toos, mjane mwenye kuku na ulimi, alikuwa amenunua mfuko wake dukani, pamoja na maziwa na sabuni. Akavichomeka kandokando ya uzio wa miti kwa kijiko cha supu, vingine kichwa chini.

"Toos, hivyo havitaota," Huib akamwambia.

"Vitajigeuza. Vina akili kuliko wanaovipanda."

Huib alikwenda zake akitikisa kichwa. Alisubiri Novemba udongo upoe, akachimba kina cha mara tatu ya urefu wa kitunguu, ncha juu, akatandika wavu wa kuku dhidi ya panya. Kisha akanyoosha mstari kwa kamba. Ukiwa mbele ya mlango wako huhitaji kamba, lakini aliinyoosha, na alijua anachekesha, na bado aliinyoosha.

Februari Riet aliteleza kwenye barafu akienda kutupa taka, nyonga ikavunjika. Akafanyiwa upasuaji, akapelekwa kituo cha kujifunzia kutembea upya. Nyumba ikawa kubwa. Huib alikula mkate na jibini akiwa amesimama, kwa kuwa kukaa mezani peke yake kulimchoma. Akimtembelea alimpa habari za bustani, maana hakuwa na nyingine.

"Zimetoa pua," alisema. Na wiki nyingine, "Zimefumba ngumi."

"Zinisubiri," Riet akasema, ameshika kigari chake cha kutembelea, jasho linamtoka. "Huib, naumia, sikufichi. Kila hatua nawaza zile tulipu. Nikirudi nizikute wazi."

Wee! Tangu hapo mzee hakulala vizuri. Siku ikiwa na joto alihofia zitachanua mapema, akazisimamishia mwavuli. Watu wakapita na baiskeli wakamkuta ameshika mwavuli juu ya maua, jua linawaka, upara wenyewe unaungua.

"Si uingie na wewe chini!" Toos akampigia kelele.

"Mimi sina cha kuharibika," Huib akajibu.

Na zikasubiri. Asubuhi aliyokuwa anarudi Riet, Huib alifungua mlango akakuta zimefunguka zote, nyekundu mpaka macho yanauma. Alinyoa ndevu, akavaa shati la kanisani. Gari la kumleta mkewe lilikuwa bado. Akatoka kuzitazama mara moja tu, na kupanga maneno ya kumpokelea Riet, kwa sababu maneno mazuri hayamjii bila kuyaandaa.

Kwenye ua la kwanza akaona mchirizi mweupe kwenye petali. Ugonjwa! Akalivunja. Akaliangalia vizuri, kumbe ute wa konokono. Akajicheka. Akarudi kwenye maneno yake: Riet, karibu nyumbani. Hapana, hiyo ya hotelini. Riet, nimekukumbuka. Hiyo ndiyo, lakini aiseme vipi bila sauti kumkatika? Alikuwa ameinama, mkono mmoja kiunoni, anatembea kidogokidogo kando ya ule mstari wake ulionyooka, akirudiarudia, nimekukumbuka, nimekukumbuka.

"Huib!" Sauti ya Toos ilikuwa ya mtu aliyeona moto. "Huib, unafanya nini?"

Akanyanyuka. Nyuma yake mashina yalikuwa yamesimama, ya kijani, safi, kazi ya fundi. Vichwa vyote vilikuwa chini. Cha mwisho alikuwa nacho mkononi.

Alijaribu, na hili Toos anawasimulia watu mpaka kesho, kukirudisha juu ya shina, kikaanguka chini na vingine.

Gari likaingia kona muda huohuo.

Riet alishushwa, akashika kigari chake. Akatazama mashina. Akatazama vichwa. Akamtazama mumewe aliyevaa shati la kanisani. Maneno yote aliyoyapanga yalikuwa yamekimbia.

"Nimezivunja," Huib akasema. "Nilikuwa nakuwaza wewe, mkono ukaenda kazini. Mama yako aliuliza bahili au mjinga. Jibu ndilo hili."

Riet alisogeza kigari, hatua kwa hatua, mpaka akamfikia.

"Nionyeshe mikono."

Akamwonyesha. Ilikuwa ya kijani mpaka kwenye kucha, haina kitu.

"Ndivyo ulivyokuja kuniposa," Riet akasema, na sauti iliyokatika ilikuwa yake. "Hivihivi." Kisha akaanza kucheka, mpaka nyonga ikamuuma, akaegemea kifua cha Huib akicheka na kulia kwa pamoja, na shati la kanisani likaharibika.

Siku hiyo walikunywa kahawa upande wa Toos, ambako vitunguu vya dukani vilikuwa vimejigeuza na kuchanua ovyoovyo, na Toos hakuwanyima neno hata moja.

Mwaka uliofuata zile za mlangoni zilitoka tena, nene ajabu, maana zilivunjwa mapema. Asubuhi zilipofunguka, Riet alimkuta Huib kasimama kizingitini, anaogopa kutoka.

"Leta hapa," akamwambia, akaishika mikono yake yote miwili, akamtoa nje. "Usijidanganye, si mapenzi. Nayalinda maua yangu."

Wamekuwa wakitoka hivyo kila siku maua yanapokuwa wazi, na hata yakishakauka na mashina kulala, Riet hajasema bado kwamba sasa anaweza kuiachia mikono ya mumewe.