Njia Tuliyoipanda Majani

Kwetu Gatsata, hapa Kigali, barabara inateremka kuelekea Nyabugogo, na malori huteremka nayo yakinuka breki. Binti yangu alipoanza darasa la kwanza ilibidi apite hapo kwa miguu, na mimi huingia kazini kabla shule haijafunguliwa. Roho yangu haikutulia mpaka nimwone jioni.

Kwa hiyo wilaya ilipotenga fedha za njia ya watoto wa shule, nilifurahi kama mtu aliyejengewa nyumba. Walijenga ukingo wa mawe, wakasawazisha udongo upana wa kutosha waenda kwa miguu na baiskeli. Matofali ya kutandika, tukaambiwa, yatasubiri bajeti ijayo.

Tatizo ni kwamba Kigali hatuvumilii udongo mtupu. Jumamosi ya umuganda, ile kazi yetu ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi, mtaa mzima tulitoka na majembe, na kabla ya adhuhuri njia yote ilikuwa imepandwa majani. Kiongozi wetu wa mtaa, mstaafu anayepiga pasi hata suruali ya kulimia, alipita akikagua kwa tabasamu. Hata mimi niliona imependeza. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Jumatatu watoto wote walikuwa wamerudi kwenye lami. Mtoto wa hapa hufundishwa kutokanyaga majani kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Siku hiyo nilichelewa kazini makusudi, nikamshika wangu mkono nimpandishe kwenye njia.

"Mama, hapana. Iko majani. Mwalimu atanipa adhabu."

"Nimekuruhusu mimi, mama yako."

"Wewe si mwalimu."

Lori likapita, upepo wake ukaipeperusha sketi yake. Nikapandwa na hasira. Kiongozi alikuwa hatua chache mbele yetu, anamwagilia majani yake.

"Mzee, tuliomba njia, serikali ikatupa, sisi tumeigeuza bustani!"

"Ariko Mama, lakini tungeacha iko vumbi tu? Wageni wakipita watasema nini?"

"Watasema watoto wetu wako hai."

Mzee aliwatazama watoto waliokuwa wakija kando ya malori, mmoja nyuma ya mwingine, adabu tupu. Nilidhani atanikaripia. Badala yake aliweka ndoo chini, akapanda katikati ya majani na viatu vyake vinavyong'aa.

"Bana, watoto, mukuje huku! Iko ruhusa!"

Hakuna aliyesogea. Basi mzee wa watu akaanza kutembea mwenyewe, huku na huko, akikanyaga kwa nguvu ili waone.

Binti yangu aliniachia mkono. Alipanda, akamfuata nyuma kwa ncha za vidole, asiyaumize majani, na wenzake wakaja nyuma yake vivyo hivyo. Nililia pale pale, mbele za watu, na sikuona haya.