Kabati Lisilo na Milango

Mpaka leo nikisikia fundi akisema bei imepanda, damu inanichemka, na daktari alishanikataza mambo ya kuchemsha damu. Basi nitaandika, maana kuandika hakunikataza. Shule niliiacha darasa la pili, kwa hivyo anayetaka maneno yaliyopigwa pasi atafute kwingine.

Tulikaa Kaloleni, nyumba ya kaunsili ya jiji, mimi nikipakia mizigo kule reli. Jikoni kwetu palikuwa padogo, mmoja akiinama kupuliza jiko mwingine sharti atoke nje. Vyombo vilikaa chini ya kitanda. Panya walizijua sufuria zetu kuliko sisi wenyewe.

Sasa, mke wangu alikuwa kwenye kikundi cha akina mama wa mtaa. Kila mwezi walienda kwa mmoja wao, wakaimba, wakanywa chai, wakamwachia vyombo vipya. Lakini walikuwa na sheria: chombo cha kikundi hakilazwi chini wala hakiingii uvunguni. Kila mama anapanga alichokileta kwa mkono wake, mahali pake. Sheria hiyo waliitunga baada ya bwana mmoja kuvuta birika jipya uvunguni akaenda kulibadilisha na pombe ya chang'aa. Alishakufa, Mungu amrehemu, lakini kwa ajili yake wanaume wote tulionekana wezi. Mama asiye na mahali pa kupanga, zamu yake anapewa mwingine, naye anarudi mwisho wa foleni. Na mke wangu alikuwa amewajazia wenzake vyombo jikoni tangu kifungua mimba wetu akiwa mgongoni. Sasa mtoto alikuwa anakimbia na tairi barabarani.

"Baba watoto," akaniambia, "zamu yangu imefika. Nataka kabati la ukutani."

Nikaenda kwa fundi. Kibanda chake kilikuwa karibu na ukumbi wa mtaa, na alikuwa mtu wa kwetu kabisa, mto mmoja tulichota maji. Hapo ndipo nilipokosea. Mtu wa kwenu humwombi risiti, utaonekana unamwita mwizi. Akaja akapima, akanywa chai yetu, tukataja bei, tukashikana mikono. Ukuta wetu ulikuwa umepinda na bomba la maji lilipita katikati. Akaupapasa akacheka. "Mjenzi alikuwa amelewa huyu. Lakini nitakata kabati lilale hapo kama mtoto mgongoni."

Nikampa nusu. Baadaye akaja: mbao zimepanda. Sawa, nikaongeza. Kila kitu kilikuwa kinapanda siku hizo, sukari ulipangia foleni ukafika dukani ukaambiwa imekwisha, nikamhurumia. Mimi ndiye wa kumhurumia mtu! Akaja tena: bawaba zimepanda, Waarabu wamepandisha mafuta. Nikamuuliza, "Kwani bawaba zinakunywa petroli?" Akasema, "Ndugu yangu, lori linalozileta linakunywa." Nikaongeza.

Wiki ya wageni ikafika, nikaenda kumuuliza kabati litakuja lini. Lilikuwa limesimama pale tayari, zuri, sikatai. Yeye anapiga randa ubao mwingine, hata uso hainui.

"Iko pesa ingine kidogo, mzee. Ya ukuta."

"Ukuta gani?"

"Si ukuta wako umepinda? Kazi imezidi."

Mungu anisamehe, niliitazama nyundo yake. Nikamwambia, "Wewe! Ukuta ulikuwa umenyooka ulipokuwa unakunywa chai yangu? Umepinda baada ya kikombe?"

"Usinipigie kelele kibandani kwangu. Kama hutaki, wacha. Kuna mtu wa mtaa wa Bahati analitaka hata leo."

Watu walikuwa wamesimama kusikiliza, Kaloleni ugomvi haukosi watazamaji. Nikalitazama lile kabati, ubavu mmoja mfupi, mwingine mrefu, mgongoni limechongwa pengo la bomba. Hasira ikanifungua macho.

"Muuzie!" nikasema. "Muulize kwanza kama ukuta wake umepinda kama wangu. Muulize bomba lake linapita wapi. Akikwambia ni hapo, mpe bure, nitalipa mimi!"

Watu wakacheka. Mmoja akamwambia, "Fundi, hapo umejipigilia misumari mwenyewe." Akatupa randa chini. Nikaondoka bila kuaga, na njia nzima nilikuwa natukana peke yangu mpaka mwenda kanisani mmoja akavuka barabara.

Jumamosi asubuhi akalileta kwa mkokoteni. Akalifunga ukutani, likalala kama alivyoahidi. Lakini milango hakuileta. "Milango iko kwangu," akasema. "Ikomboe."

Nilishika shati lake. Mke wangu akanitoa mkono, akamwambia fundi taratibu, "Shemeji, ahsante. Nenda salama."

Akina mama wakaja wakiimba. Nilikuwa nje, nimeuma meno. Nikasikia mwenyekiti wao akiuliza, "Na milango?"

"Ya nini?" mke wangu akajibu. "Mkipita mlangoni kwangu nataka mwone vyombo vyenu viko. Hapa hakuna birika litakalokwenda kunywa."

Kicheko kilichopigwa humo ndani kilitikisa mabati. Wakapanga, kila mmoja chake, mpaka rafu zikajaa.

Mwezi uliofuata fundi akaja na milango begani, ameshusha bei. Mke wangu alimpa chai, milango akaikataa. Akashusha tena. Akaikataa. Fundi aliirudisha akaiegemeza nje ya kibanda chake, mmoja mfupi, mmoja mrefu, na kila nilipotoka kazini niliiona pale ikinyeshewa na kuvimba. Nilikuwa napunguza mwendo makusudi niitazame. Hasira haikuisha, lakini kwa milango ile ilikuwa inakula vizuri.