Mabeseni Mawili Meupe

Asubuhi ile naikumbuka vizuri, mwanangu. Ulikuwa na miezi minne. Nilifua shali yako nyeupe kwa maji ya moto, hapa hapa Arua, ikatoka na rangi ya chai. Mwenye nyumba akapita, akaitazama, akacheka. "Mama Shamim, hii ni udongo ya Arua. Watu ya hapa iko nazoea." Ilikuwa mara ya tatu kunijibu hivyo. Nikamtupia shali mbichi kifuani.

Bibi yako, mama yake baba yako, alikuwa amekuja kutoka Midia kukuona. Hakunisifu. Alingoja yule aondoke, akasema, "Binti, wewe iko na kelele mingi. Lakini umepima nini?"

Ukweli ni kwamba hata mimi niliamini ni udongo, nilichotaka ni asafishe maji tu. Huku kwetu kila kinachogeuka chekundu tunausingizia udongo: kuta, viatu, soksi. Miezi miwili nilikuwa nachuja maji yako ya kuoga kwa kitenge, mimi niliyemaliza sekondari.

Akaniagiza nilete mabeseni mawili meupe. Moja tukalijaza maji baridi, la pili maji ya moto kutoka kwenye hita ya umeme. Ya baridi yalikuwa safi, unaona mpaka chini. Ya moto yalikuwa kutu tupu.

"Bomba ya kuingia nyumba ni moja," akasema. "Sasa udongo inachagua ya moto tu?"

Tukamwita fundi. Akazima umeme, akamwaga maji yote ya hita mpaka yakatoka meupe. Siku tatu baadaye kutu ikarudi. Akafungua tena, akanionyesha: kile chuma kinachowekwa ndani ili kiliwe na kutu badala ya tangi kilikuwa kimebaki chembamba kama waya. Sasa lililokuwa linaliwa ni tangi lenyewe.

Basi, mwanangu, hasira yako usiitupe ovyo kama nilivyotupa ile shali. Ipe kazi. Pima kwanza, halafu sema, na ukishasema usirudi nyuma. Mungu akupe macho ya bibi yako, na mdomo wangu akuachie.

Tulikwenda kwa mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa wetu, bibi yako beseni moja kichwani, mimi la pili, wewe mgongoni. Tukayaweka mezani pake pamoja na barua yangu:

"Mimi, mpangaji, nalalamika rasmi. Maji baridi ni safi, ya moto yana kutu. Tangi la hita limeoza. Mwenye nyumba nimemwambia mara tatu. Naomba aitwe hapa anawe uso kwa maji ya beseni la pili mbele yetu sote, au abadilishe hita kabla ya Ijumaa."